Shikamoo Katika Ukumbi wa Mwalimu Morita

Kila ninapopita Mtaa wa Mkunguni na kumkuta muuza mikeka amefungua mizigo yake barazani, mwendo wangu unapungua wenyewe. Mkeka mpya unanukia majani yaliyokaukia juani, harufu kavu yenye utamu kwa mbali, na nikishaivuta puani siioni tena Kariakoo. Simsikii mwenye kipaza sauti anayenadi soksi, wala wabeba mizigo wanaopiga kelele, "Pisha! Pisha!" Ninachoona ni ukumbi wa mbao huko milimani Japani, sakafu nzima imetandikwa mikeka minene ya majani, mlango umeachwa wazi, na nje theluji inaanguka bila sauti yoyote.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Kwetu ni Gerezani, ambako baba alikuwa akiuza spea za magari, na ukumbi wetu wa judo, kama mtakubali niuite ukumbi, ulikuwa nyuma ya gereji. Mwalimu Bakari, ambaye mchana alikuwa kuli bandarini na jioni mwalimu wetu, alimwaga maranda ya mbao chini, akayafunika kwa turubai kuukuu la lori, akatuambia, "Hapa mtajifunza kwanza kuanguka. Kuangusha kutakuja kwenyewe." Alikuwa na neno moja alilolipenda kuliko yote. Ukimkamata mwenzako vazi, yeye pembeni atakuwa anapaza sauti, "Shika! Shika! Usiachie, shika!" Mafundi wa gereji waliacha kazi zao kuja kutazama.

Wasichana wengi walianza, wakaacha. Tulibaki mimi na Hetal, ambaye wazazi wake walikuwa na duka la vitambaa Kisutu. Kwa hiyo ulipokuja mwaliko wa kwenda kufanya mazoezi ya majira ya baridi katika mji mdogo wa milimani Japani, tuliochaguliwa tulikuwa sisi wawili, tuongozane na Mwalimu. Mama yake Hetal alihangaikia chakula, kwa kuwa kwao hawali nyama. Bibi yangu, mama yake mama, alihangaikia jambo jingine. Alinishika uso kwa viganja vyake vilivyonukia udi, akasema, "Nenda mjukuu wangu. Kaangushwe, kaangushe, yote heri. Lakini hicho kipaji cha uso usimwekee mtu chini. Hicho ni cha Mungu peke yake."

Nikamwahidi. Ilikuwa ahadi rahisi sana kuitoa nikiwa Gerezani.

Nikiwasimulia yote niliyoyaona tutakesha. Niliona treni iliyopita kasi mpaka nyumba za kando ya reli zikawa kama kitambaa kinachovutwa. Niliona vituo vyenye watu wengi kuliko Kariakoo siku ya kuamkia Idi, lakini hakuna aliyemsukuma mwenzake, na utulivu ule ulinitisha kuliko kelele. Kisha tukapanda milima, na Hetal akanifinya mkono. Miti ilikuwa myeupe, mapaa yalikuwa meupe, dunia nzima ilikuwa kama imepakwa tui. Tuliposhuka niliinama nikachota theluji, nikaionja. Haikuwa na ladha. Hata hivyo nilisimama pale mdomo wazi kama niliyepewa halua.

Nililala kwa kina Haruka, msichana wa rika langu aliyekuwa akijifunza judo tangu hajaota meno, kama alivyotutania Kenji. Kenji ndiye aliyekuwa mkalimani wetu, kijana aliyewahi kufundisha hisabati Morogoro, na Kiswahili chake kilikuwa na lafudhi ya Kiluguru. Alfajiri ya kwanza babu yake Haruka alinikuta nimesimama chumbani na taulo mkononi, nageuka huku na huku. Nilimwonyesha kwa ishara kwamba nataka kuswali. Akatoka, akarudi na dira. Nyumbani maisha yangu yote Makka ilikuwa kaskazini, upande wa Jangwani. Sasa mzee yule, baada ya kumpigia Kenji simu na kubishana naye kwa muda, alininyooshea mkono magharibi, kidogo kuelekea kaskazini, kulia kwa pale jua linapotua nyuma ya mlima. Nilipigwa na butwaa. Sikuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kwenda mbali kiasi cha kibla kuhama ukuta.

Tulikwenda ukumbini kukiwa bado na ukungu, tukafanya mazoezi peku, milango wazi, maana mazoezi ya baridi huko ndivyo yalivyo, ni lazima baridi yenyewe iwe mwalimu. Mwenye ukumbi alikuwa mwanamke wa umri wa bibi yangu, Mwalimu Morita, mwembamba, mwenye nywele fupi za mvi na vidole vilivyopinda kwa kushika makoti ya judo ya watu miaka yote. Mbele ukutani kulikuwa na picha ya mzee mwenye masharubu. Kenji alitueleza kwamba huyo ni marehemu baba yake, ndiye aliyejenga ukumbi ule kwa mikono yake.

Tukapiga magoti kwenye mstari. Mtoto mkubwa kuliko wote akatoa amri, na wote kwa pamoja, kama wimbi, wakaigeukia picha, wakaweka viganja chini, wakashusha vichwa mpaka karibu na mkeka.

Ilikuwa sijda. Kwa macho yangu ilikuwa sijda kabisa. Mgongo wangu ukakataa kupinda. Nilibaki nimekaa wima peke yangu katikati ya migongo ile. Hetal aliinama. Mwalimu Bakari aliinama nusu, kama mtu anayetafuta sindano iliyomdondoka. Vichwa vilipoinuka, macho yote yalikuwa kwangu.

Nje, tukivaa viatu, Mwalimu Bakari alinivuta kando. "Zuhura, unatuaibisha. Ile ni adabu tu, hawamwabudu mtu."

"Bibi kanikataza, Mwalimu."

"Bibi yuko Gerezani!"

"Na Mungu je?"

Alijifuta uso ingawa hapakuwa na jasho. Sikumlaumu. Aliogopa kwamba hatutaalikwa tena, na watoto wengine kule kwenye turubai wangekosa nafasi kwa ajili yangu. Siku iliyofuata nilibaki wima tena, na iliyofuata pia. Watoto walianza kunong'ona. Mazoezini Haruka alikuwa akinirusha juu nikaona dari, nikaona miguu yangu mwenyewe, kisha puu. Sikuwahi kuona kitu kizuri kama vile alivyorusha. Hakutumia nguvu. Ilikuwa kama ardhi yenyewe imenigeuka. Lakini sasa kila nilipoanguka nilijiuliza kama ananirusha mimi au ananirusha ule ukaidi wangu.

Asubuhi moja Mwalimu Morita aliniita mbele, Kenji akiwa pembeni. Mwalimu Bakari alisimama mlangoni, mikono nyuma. Nilijua safari imekwisha. Nilikuwa tayari nimeshaanza kupanga nitakavyomweleza baba.

Mwanamke yule aliketi mbele yangu, magoti yetu yakikaribia kugusana, akasema maneno machache kwa sauti ya chini.

"Mwalimu anauliza," alisema Kenji, "asubuhi ukionana na bibi yako, unamfanyaje?"

Sikuelewa. Nikamtazama Mwalimu Bakari, naye akainua mabega. Basi nikasimama, Mwalimu Morita naye akasimama, nikakunja magoti kidogo kama tulivyofundishwa kwetu, nikaupokea mkono wake kwa mikono yangu miwili, nikasema, "Shikamoo."

"Naye anakujibu nini?"

"Marahaba."

"Marahaba," alisema Mwalimu Morita.

Wenzangu, alilitamka kama mtu aliyezaliwa Mtaa wa Livingstone! Silabi zote nne zilikaa mahali pake. Nilicheka kabla sijajizuia, naye akacheka, na meno yake yalikuwa na pengo kama la bibi yangu. Kisha akawageukia wanafunzi, akasema jambo fupi. Kenji alinitafsiria: kuanzia siku hiyo, wengine wakiinama, mimi nitasimama, na wakimaliza nitamwamkia mwalimu kwa desturi ya kwetu. Basi. Hapakuwa na hotuba wala swali jingine. Akapiga makofi, mazoezi yakaanza, na Haruka akanirusha vilevile kama jana.

Siku ya mapumziko walitupeleka Nara. Tuliingia hekalu la mbao ambalo nguzo zake, mimi, Hetal na Haruka tuliposhikana mikono, hatukuweza kuzizunguka. Ndani kulikuwa na sanamu kubwa kama ghorofa. Hetal alikutanisha viganja, mimi nikabaki nikitazama boriti za juu, nikiwaza mafundi waliozipandisha huko bila winchi kama zile za bandarini. Nje kulikuwa na wanyama kama swala, wakitembea huru katikati ya watu. Haruka aliwaonyesha kwa kidole, akasema kwa Kijapani, "Shika."

Tukatazamana mimi na Hetal. Kisha sote wawili, bila kupanga, tukamshika mikono.

Kenji alicheka mpaka akakaa chini. Kwa lugha yao, shika ndiye mnyama yule. Mwalimu Bakari alikataa kuamini mpaka alipoonyeshwa. Na hawa shika wana adabu: ukiwa na biskuti mkononi, wanakuinamia, mara moja, mara mbili, mpaka uwape. "Zuhura," alisema Mwalimu, "unaona? Hata swala." Lakini alikuwa anatabasamu, na nilijua kwamba yamekwisha baina yetu.

Asubuhi ya mwisho theluji ilianguka nzito kuliko siku zote. Wakaigeukia picha, wakainama, nami nikasimama kama kawaida. Sijui ni kitu gani kiliniingia. Labda ni kwa sababu tulikuwa tunaondoka, na kwetu mtu haondoki bila kumuaga mwenye nyumba. Siku za Idi Bibi alikuwa akinipeleka makaburini kuwasalimia wazee wetu, kwa hiyo kumsalimia marehemu halikuwa jambo geni kwangu. Nilimtazama yule mzee mwenye masharubu usoni. Kichwa kikiwa juu, sauti ikinitetemeka kwa baridi, nikasema, "Shikamoo, babu."

Ukumbi ulikuwa kimya mno hata nadhani theluji nje ilisikika. Mwalimu Morita alikuwa bado ameinama. Hakuinua uso. Kutoka kule chini, kwa sauti nyembamba ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kwake, akajibu, "Marahaba."

Nakumbuka niliona kwamba amekosea. Nilidhani amezoea tu neno, kama mtoto anayejibu swali kabla halijaisha. Karibu nimwambie Kenji amweleze kwamba salamu ile haikuwa yake. Kisha akainuka, akavuta koti lake vizuri, akanijia na kunikumbatia kwa nguvu, mbele ya wote, katika nchi ambayo sikuwa nimeona mtu akikumbatiwa. Nilishangaa, nikafurahi, nikaingia kwenye gari nikiwapungia mkono mpaka mlima ukawaficha. Bibi nilipomsimulia, aliuliza, "Na huyo mama ana watoto?" Nikamwambia sijui. Sikuwa nimeuliza.

Miaka ilipita. Nikawa mtu mzima, na Bibi akatangulia mbele ya haki. Wiki ile baada ya msiba, nyumba ikiwa imeshaanza kupungua watu, nilikuwa nimekaa sebuleni na mama, tunapepeta mchele. Bintiye jirani, kasichana ka chekechea, alipita mbio kwenye baraza yetu akienda shule. Kila asubuhi ya maisha yake alikuwa akimkuta Bibi ameketi pale, na mazoea hayajui kifo. Bila hata kutazama, akapaza sauti, "Shikamoo, Bibi!"

Mama aliacha kupepeta. Niliona mikono yake imetulia juu ya ungo. Kisha, kwa sauti nyembamba ambayo si yake, lakini ambayo mimi nilikuwa nimewahi kuisikia, akaitikia, "Marahaba, mwanangu."

Mtoto akaendelea na mbio zake, ameridhika. Mama akainama kwenye ungo akaendelea na mchele, nami nikatoka nikaenda kusimama uani, maana hapo ndipo nilipojua kwamba asubuhi ile Mwalimu Morita hakukosea hata kidogo. Salamu ilikuwa ya baba yake. Aliyetakiwa kuitikia hakuwa na sauti tena, na mwanawe alikuwapo.