Mkono wa Aune Juu ya Goti

Jaribu kumwona mwanamke huyu anavyofika. Anausukuma kwa bega mlango wa uwanja wa barafu wa mji wa Rautala, na baridi ya ndani inampiga usoni, kali kuliko ya nje, maana nje ndiyo kwanza majani ya miti yanaanza kuwa mekundu. Mkono wa kulia ameshika chupa ya kahawa. Kapu la nyuzi za kufumia liko begani. Mkono wa kushoto ameupitisha kwenye kiwiko cha mumewe, na anachechemea.

Nyonga yake iliharibika alipoteleza kwenye ngazi za jiko la chuo, amebeba sufuria la viazi. Basi watu wakiwaona wawili hawa wanapanda taratibu kuelekea kibanda cha redio, husema, "Mtazame Eino anavyomshika mkewe. Vijana wa leo wajifunze." Aune Pelkola husikia. Ukweli umekaa kinyume. Nyonga ni mbovu, hilo halina ubishi, lakini macho yanayozitazama ngazi ni ya Aune. Macho ya Eino yaliacha kuziona ngazi zile tangu msimu wa juzi.

"Ngazi," Aune hunong'ona.

"Najua."

"Basi inua mguu, kama unajua."

Aune alizaliwa katika nyumba za kampuni ya mgodi, mtoto wa mchimbaji, akaolewa na mtoto wa mchimbaji ambaye hakwenda mgodini kwa sababu Mungu alimpa sauti. Eino alikuwa bado kijana alipoanza kuitangaza timu ya chuo ya hoki ya barafuni, Wachimbaji, kwenye redio ya mji. Watu wa zamu ya jioni mgodini walishuka chini ya ardhi na redio zao, wakaziweka kando ya vyakula vyao, ingawa huko chini hazikushika kitu. Walizibeba kwa ajili ya kupanda. Lifti ikifika juu tu, sauti ya Eino iwe ya kwanza kuwapokea.

Sauti ile ilipendwa kwa jambo moja. Mwaka mmoja mtangazaji wa mji wa jirani alimpa mtoto wa tajiri goli la mtoto wa fundi bomba, na hakurekebisha. Eino alikasirika, akasema hewani, mji mzima ukisikia: "Mtu akifunga goli, jina lake ndilo kitu pekee atakachoondoka nacho hapa. Siku nitakapompa mtu sifa ya mwenzake, siku hiyo nazima kipaza sauti, naenda nyumbani, na msinifuate." Watu hawakuyasahau maneno hayo. Eino mwenyewe ndiye aliyeyakumbuka kuliko wote.

Kisha ukungu ukamwingia machoni. Daktari alieleza kwamba katikati ya jicho ndiko kunakokufa, pembeni kunabaki. Eino akawa anaona rangi zikipita, anaona kitu kikienda kasi, lakini namba mgongoni hapana. Hakumwambia mtu ila mkewe. Aune naye, ambaye miaka yote alikaa kibandani akifuma tu soksi, alihamisha kiti chake karibu zaidi, akaweka mkono juu ya goti la mumewe. Kiganja kizima ni kumi. Ncha ya kidole ni moja. Namba tatu akichukua kisahani, kile kinachopigwa kwa magongo badala ya mpira, vidole vitatu. Namba kumi akipiga, kiganja mara moja. Eino anatangaza, wala mwenye redio hajui kwamba macho ya mchezo ni ya mwanamke mwenye soksi iliyoachwa nusu mapajani.

Sasa, pale Rautala msimu hauanzi uwanjani. Unaanzia ukumbi wa chini wa kanisa la Kilutheri, Jumapili ya karamu ya mchuzi wa samaki. Wachezaji wanakaa meza ya mbele wamechana nywele. Watu wakishashiba, mkate wa iliki ukishakatwa, Eino anasimama na kusema timu ikoje. Haongezi sukari. Mwaka mmoja alisema, "Leteni blanketi nene, maana hakutakuwa na kitu kingine cha kuwapa joto," na ikawa vile vile, na hakuna aliyemchukia.

Mwaka ninaousimulia, mgodi wa mwisho ulikuwa umefungwa majira ya kuchipua. Wanaume waliozoea kuamka na king'ora walikuwa wanaamka bila king'ora na kukaa ukingoni mwa kitanda. Timu ilikuwa ndicho kitu kilichobaki chenye jina la Wachimbaji. Kwa hiyo watu walikuja kanisani mapema kuliko desturi, hata Toimi Ruuska, ambaye tangu alipopoteza kazi hakuwa amekaa na watu. Mkewe alimvuta. Mwanawe Dale alikuwa timuni, winga wa kushoto wa safu ya nne, namba tatu, kijana wa kuingizwa uwanjani wakubwa wakitaka kupumua.

Jumatano kabla ya karamu, Aune alikuwa amekwenda kwenye maziko ya binamu yake Hilja, upande wa pili wa ziwa. Jirani akampeleka Eino mazoezini, akamkalisha, akaenda zake. Eino akatazama peke yake, bila mkono gotini. Aune aliporudi alimkuta anatembea jikoni kama mtu aliyepata barua njema.

"Nimemwona kijana, Aune."

"Kijana gani?"

"Utasikia Jumapili, pamoja na wenzako. Kwani nimewahi kukuambia kabla?"

Jumapili ikafika. Eino akasimama, akashika mgongo wa kiti.

"Kipa tunaye," alianza. "Hilo niliseme mapema ili mle kwa amani. Mabeki wetu ni watu wema. Wangekuwa wema zaidi kama barafu ingekuwa mlima, na wapinzani wakaupanda polepole kama wao wanavyokimbia." Watu wakacheka. "Kocha naye anacheka, lakini namsikia, anacheka kwa upande mmoja wa mdomo."

Akasubiri wanyamaze.

"Sasa huyu mgeni wetu kutoka Kanada, Desrosiers, safu ya kwanza. Mmeambiwa ni tai. Inawezekana. Mimi wiki hii nimeona kuku aliyeshiba. Anateleza kama anayengoja kupishwa njia. Mwanangu, hapa hatupishi." Meza za nyuma zikacheka tena. Kijana Desrosiers akatazama sahani yake. "Lakini yuko winga mwingine wa kushoto, na huyu ni wa hapa hapa. Sijawahi kumtaja, na nimekosea kutomtaja. Akichukua kisahani pembeni, hainui kichwa kutafuta macho ya watu, anakiinua kutafuta mwenzake. Barafu inamsikiliza. Kama msimu huu una tumaini, ndugu zangu, tumaini lenyewe linaitwa Dale Ruuska."

Toimi Ruuska alikuwa amesimama kwenda kuongeza kahawa, akabaki pale pale na kikombe.

"Dale wetu?" aliuliza.

"Wewe una Dale mwingine wa kumtoa wapi, Toimi?" akajibu jirani yake. "Kaa chini, utatumwagia."

Toimi akakaa. Akafunika uso kwa kitambaa cha meza kana kwamba anajifuta mchuzi, na hakukitoa upesi.

Aune alikuwa penye birika kubwa la kahawa pale Kocha Brandvold alipomsogelea, amebeba kikombe ambacho hakukitaka kijazwe.

"Mama Pelkola, naomba nikuulize. Mzee alikuja Jumatano, siyo?"

"Alikuja. Mimi nilikuwa mazikoni."

Kocha akashusha sauti. "Safu ya kwanza huvaa fulana nyeupe mazoezini, safu ya nne za kijivu. Kila mtu anajua. Ila kwangu, mtu akichelewa, namvua nyeupe. Jumatano Desrosiers alichelewa. Nikampa fulana ya kijivu ya Dale, Dale nikampa nyeupe yake. Yule kijana kwa hasira alicheza kama shetani. Sijawahi kuona mazoezi kama yale."

Aune akaendelea kulishika birika.

"Na Dale?"

"Dale alikuwa na woga. Miguu ilimganda." Kocha akamtazama. "Hata mtoto aliye juu kabisa jukwaani angeona kwa umbo kwamba aliyevaa kijivu si Dale. Mzee haoni, mama, sivyo?"

"Anaona rangi," Aune akasema.

Kocha akaweka kikombe mezani. Naye tangu utotoni aliisikia sauti ya Eino redioni. "Mchezo wa kwanza ni Ijumaa," alisema mwishowe. "Mimi sitafungua mdomo. Jambo hili ni la nyumbani kwako."

Usiku ule Aune alifuma soksi mpaka Eino alipolala. Asubuhi alikusudia kusema, akaanza, "Eino, ile Jumatano," na Eino akamkatiza, kijiko kikiwa juu ya uji.

"Ile Jumatano! Nilidhani macho yamenikwisha, Aune. Nilidhani bila mkono wako mimi ni gunia tu lenye kinywa. Nikakaa pale peke yangu, nikaona. Mimi mwenyewe. Unajua nilivyotoka pale?"

"Najua," Aune akasema, akamwongezea maziwa.

Jumatano iliyofuata alibeba mkate kwenda uwanjani, kama alivyozoea tangu siku za jiko la chuo. Akamkuta Dale Ruuska barafuni kabla ya wote, anazunguka kona ya kushoto, anaanguka, anainuka, anaizunguka tena. Si kwamba ghafla alikuwa amekuwa bingwa. Lakini alikuwa anainua kichwa kutafuta mwenzake, hata pale ambapo mwenzake hakuwepo, kwa kuwa aliambiwa hivyo ndivyo alivyo. Jukwaani, safu za chini, alikaa baba yake na kofia yake ya mgodini.

"Mama Pelkola!" Toimi alimwita. "Mwambie mzee wako nimelala. Usiku mzima, kama mtu. Mke wangu aliniwekea mkono puani kuona kama napumua."

"Nitamwambia."

"Mwambie."

Kwenye benchi la mlangoni pa chumba cha kubadilishia nguo, Desrosiers alikuwa anafunga kamba za viatu vyake vya kutelezea vyenye makali. Alichukua kipande cha mkate, akakishika tu.

"Mama, mzee ana kinyongo na mimi?"

"Hana kinyongo na mtu, mwanangu."

"Maana ile siku nilicheza. Nilijua nimecheza. Bibi yangu huko nyumbani hupiga simu kila Jumapili. Aliniuliza mtangazaji wa huku amesema nini juu yangu. Nikamwambia kasema mimi ni tai." Akacheka kidogo, bila furaha. "Sijawahi kumdanganya bibi. Hata biskuti zake nikiiba, nilikuwa namwambia."

"Kula mkate," Aune akasema.

Akarudi nyumbani akichechemea zaidi ya kawaida. Njiani alijaribu kulipima jambo lile kama unga, na kila alipoliweka kwenye mizani upande mmoja ulizama kisha ukapanda. Akimwambia Eino, Eino atafanya alichoapa, hata asubuhi haitamkuta na kipaza sauti. Rautala itapoteza sauti mwaka ule ule ilipopoteza mgodi. Dale atasimama mbele ya watu wote avuliwe sifa kama alivyovuliwa fulana. Toimi atarudi ukingoni mwa kitanda. Asipomwambia, kuna mtoto wa watu aliyenyimwa kilicho chake, naye hana mtu hapa wa kumsemea. Na mwanamume aliyeishi maisha yake yote kwa neno moja la kweli, neno hilo litakuwa limevunjwa, ila yeye peke yake ndiye asiyejua. Nani amemvunjia? Mkewe.

Ijumaa uwanja ulijaa hata watu wakakaa kwenye ngazi. "Tupisheni, nyonga inapita," Eino aliwatania, na wakapisha, na Aune akamwongoza hadi kibandani. Akamimina kahawa. Akaondoa kapu la nyuzi mapajani. Akaweka mkono pale pake.

Wachezaji walikuwa wanapasha miili moto, wote sasa katika fulana moja nyeusi, namba nyeupe mgongoni. Eino aliinamisha kichwa, anasikiliza makali yakikata barafu. Ghafla akanyoosha shingo. Chini yao, upande wa kushoto, winga alikuwa amepita kama upepo unaofunga mlango.

"Huyo!" alisema. "Huyo ndiye, Aune. Mlio ule ule wa Jumatano. Usiniambie jina, nalijua. Nigongee tu namba, nisikie raha."

Aliyepita alikuwa Desrosiers. Namba kumi. Dale alikuwa nyuma yake hatua chache, anaizunguka kona ile ile, na safari hii hakuanguka. Kule chini Toimi Ruuska aligeuka, akakitafuta kibanda kwa macho, akainua kofia yake ya mgodini juu ya vichwa vya watu.

"Aune?" Eino akasema. "Umelala?"

Taa nyekundu ya kuonyesha kwamba wako hewani ilikuwa karibu kuwaka. Mkono wa Aune ulikuwa juu ya goti, na goti lilikuwa linangoja. Kiganja kizima mara moja kwa Desrosiers, au vidole vitatu kwa Dale. Wewe unayenisikiliza, kama mkono ule ungekuwa wako, ungegonga nini?