Alama kwenye Mlango

Kwenye mwimo wa mlango wa nyumba yetu ya mbao, pale mtaa wa Mapendo mjini Goma, kuna mkwaruzo mmoja wa msumari. Papa aliuchora usawa wa mkanda wake, akiwa amesimama wima, kabla hajatutoa matembezi ya kwanza ya Jumapili. Mtoto ambaye pua yake haikufika pale alibebwa begani. Aliyefika alitembea. Rufaa haikuwepo, hata ulie mpaka ukauke sauti.

Tulikuwa tukienda kwenye msitu wa mikaratusi ulio juu ya Lac Vert, lile ziwa dogo la kijani lililokaa ndani ya shimo la volkano, upande wa barabara ya Sake. Wengine wakitembea porini na watoto huogopa nyoka. Sisi wa Goma tunaogopa kibonde kidogo kilichotulia, kisicho na upepo. Humo hukaa mazuku, hewa mbaya itokayo ardhini. Haina rangi wala harufu, na kwa kuwa ni nzito hulala chini kama maji kwenye beseni. Mtu mzima anaweza kukatiza ikimwishia kiunoni, asijue lolote, na mtoto aliyemshika mkono akafa pale pale.

Papa alikuwa karani wa forodha Bunagana, mpakani, akirudi nyumbani Jumamosi tu, kwa hiyo Jumapili ilikuwa yake. Baada ya misa alibadili shati, viatu akabaki navyo. Mama alibeba sambaza za kukaanga, dagaa wa ziwani, na ndizi za kuchemsha. Tulipofika kwenye kibonde Papa alitusimamisha, akawasha kiberiti, akakishusha taratibu mpaka magotini. Moto ukiendelea kuwaka, tulikimbia kama mbuzi waliofunguliwa. Ukizimika magotini, wadogo walipandishwa mabegani na wakubwa wakapita. Ukizimika kwenye mkanda, sote tulizunguka mbali.

Nilipenda sana uzimike magotini. Juu ya mabega ya Papa nililiona ziwa lote, na moshi wa makala, yale makaa ya kupikia, juu ya mji kule nyuma. Siku pua yangu ilipofika kwenye mkwaruzo kila mtu alinipongeza, mimi nikanuna mpaka jioni.

Chakula tulikula chini ya mkaratusi mmoja wenye shina lililogawanyika mara mbili, mahali pa juu penye upepo. Papa alituzoesha kuzijua sehemu zote mbaya za mle kwa miti. Chini ya ule uliopinda, usishuke. Nyuma ya ile mitatu iliyosongamana, usikae. Nilidhani miti ile ilipandwa kwa ajili hiyo.

Kisha vita vikaja, vikaondoka, vikaja tena. Bunagana ikatekwa na kazi ya Papa ikaisha. Alirudi na begi moja, na miaka iliyofuata mgongo wake ulianza kuinama, kwanza kidogo, halafu bila aibu, mpaka akawa anatembea akitazama vidole vyake vya miguu. Hujafa hujaumbika. Yeye mwenyewe hakulitaja jambo hilo kamwe, na ole wake aliyemsogezea kiti.

Wakimbizi walipojaa upande ule wa mji, msitu ulikwisha. Wengi walitoka milima ya Masisi na walihitaji kuni. Nilikasirika nao, na hasira yangu haikuwa na haki, maana sijui mimi ningepikia nini. Wengine walisimika mahema mabondeni kwa sababu mle upepo hauwasumbui. Mtoto alilazwa chini jioni, asubuhi haamki, mama yake akaambiwa amerogwa. Papa alikwenda kule na kiberiti chake, akipita hema kwa hema, akiwaonyesha akina mama moto unavyozimika. Baadhi walihama. Baadhi walimuuliza wahamie wapi, naye akarudi nyumbani, akakataa kula.

Mji ulipobadilisha watawala na kambi zikabomolewa, Papa alianza kusema juu ya ziwa. Binti yangu, mjukuu wake wa pekee, alikuwa hajaliona. Mama alimwambia kule hakuna kitu tena. Papa akajibu kwamba ziwa halikatwi kwa shoka. Nilijua anachotaka. Alitaka kuwa mbele tena, sisi nyuma yake, walau mara moja kabla hajafa. Sikuwa na moyo wa kumnyima.

Jumapili hiyo alimpima mtoto mlangoni. Binti yangu alijiinua kwa vidole, Papa akamgonga kisigino kwa fimbo, akampima upya. Pua ilifika. Tukaondoka wanne: Papa, Mama, mtoto na mimi.

Msitu wote ulikuwa visiki na vitambaa vya mahema vilivyooza. Ziwa lilikuwa kijani kama zamani, nalo liliniudhi kwa uzuri wake. Papa alikuwa akitembea kutoka kisiki hadi kisiki, akivigusa kwa fimbo, akitafuta kile cha mti tuliokuwa tukila chini yake. Hakukiri kwamba amepotea. Hatimaye akanyoosha fimbo mbele, ng'ambo ya kibonde kimoja, palipokuwa na kisiki kipana.

“Pale njo tulikuwa tunakulaka,” alisema.

Akawasha kiberiti, akakishusha. Kilizimika magotini. Nilimbeba mtoto begani bila kuambiwa, ingawa alishapita kipimo na alinung'unika. Papa aliridhika. Kila kitu kilikuwa kama kawaida: moto umezimika magotini, watoto juu, wakubwa wanapita. Akatangulia kushuka, sisi tukingoja afike ng'ambo kwanza, kama ilivyokuwa desturi.

Katikati ya kibonde alisimama. Nilidhani anaangalia kitu chini. Kisha akapiga magoti polepole, kama mtu aliyeingia kanisani kwa kuchelewa, akalala ubavu.

Mama aliita mara moja. Nilimtua mtoto kwake, nikavuta pumzi nikashuka. Vijana wawili waliokuwa wakichimba visiki ili wachome makala walishanipita, midomo wameifumba. Walimvuta kwa makwapa, kichwa juu, mpaka kwenye upepo. Uso wake ulikuwa na rangi ya majivu. Mama alimpiga mashavu akimsihi, na mimi nilimtukana, ndiyo, nilimtukana baba yangu, kwa sababu nilidhani hanisikii. Baadaye alikohoa, akatapika, akauliza viatu vyake viko wapi. Vilikuwa miguuni.

Mmoja wa wale vijana aliuliza kwa heshima muzee alikuwa anatafuta nini mle.

Tulirudi kwa gari. Mama alikaa na sambaza mapajani, hazijafunguliwa. Niliwaza kwamba kiberiti kilikuwa sahihi, na magoti ya Papa yalikuwa pale pale yalipokuwa siku zote, na bado nilishindwa kuelewa.

Papa alielewa kabla yangu. Tulipofika nyumbani hakuingia. Alisimama mlangoni, akaegemeza mgongo kwenye mwimo kama tulivyokuwa tukisimamishwa sisi, visigino pamoja, mikono ubavuni. Alijaribu kujinyoosha mpaka shingo ikatetemeka. Kisha akauacha mgongo uiname unavyotaka, akamwita mjukuu wake aje amwangalie.

Mtoto alichukua kazi hiyo kwa uzito. Aliweka kidole kwenye mkwaruzo, akakipitisha hewani hadi usoni kwa babu yake, ambaye humwita Koko. Akamtazama, akarudia, kwa sababu alikuwa amefundishwa kurudia.

“Koko, haufike,” akasema. “Watakubeba.”

Mama aliingia ndani haraka. Papa alitikisa kichwa kukubali, kama karani anayepokea karatasi iliyojazwa vizuri. Nilimwambia kwamba Jumapili nyingine tutatafuta watu wenye mabega, tutamfikisha mpaka majini. Alisema hajawahi kubebwa na mtu tangu apate akili, wala hataanza. Hakwenda tena ziwani, wala hakulitaja, na kiberiti chake kikahamia jikoni.

Alikufa kitandani mwake msimu wa mvua uliofuata. Mlango wetu ni mwembamba, na wanaume wa mtaa walihangaika kupitisha jeneza, wakaligonga kwenye mwimo, karibu na ule mkwaruzo. Walipofika nje walilipandisha mabegani. Binti yangu alinishika mkono, akatembea kwa miguu yake nyuma yao.