Sindano ya Kumi na Nane

Pale chuoni walimwita Fundi Sauti, na wengi walishasahau kwamba alizaliwa na jina jingine. Himaya yake ilikuwa ukumbi mkubwa, ule wa viti mia nne vya kukunja, ambako kila Alhamisi saa kumi alasiri chuo kiliwafungulia watu wote mlango waje kusikiliza mihadhara ya afya. Leo utafiti wa kifua kikuu, wiki ijayo sera ya bima, wiki inayofuata msongo wa mawazo kazini. Yeye alikaa nyuma kabisa, ndani ya chumba cha kioo chenye upana wa choo, akipandisha sauti ya huyu na kushusha ya yule. Miaka kumi na minne ya kukaa mle ilikuwa imemsikilizisha mihadhara mingi kuliko wengi waliovishwa majoho, na mkewe hakuacha kumtania.

"Mume wangu ni daktari wa masikio tu," alikuwa akiwaambia wageni. "Kasikia dawa za magonjwa yote, hajawahi kutibu hata mafua."

Fundi alicheka pamoja nao. Kinyozi hajinyoi. Mtu aliyewakuzia wengine sauti hakuwahi kusema chochote katika ukumbi ule, ila lile neno lake la kujaribia vipaza sauti kabla watu hawajaingia: "Moja, mbili, tatu, inasikika?"

Nyumbani alikuwa akiishi na dada yake mkubwa, aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Dada alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza, wa aina ile ambayo wanaume wenye ndevu aliowahi kuwafundisha humsimamisha njiani kumwamkia, nao wakianza kujiangalia kucha kama ni safi. Mwandiko wake ulikuwa mzuri hata shule za jirani zikawa zinamwomba aziandikie vyeti. Kisha, alipofika miaka arobaini na mmoja, akaanza kusikia watu wakizungumza ndani ya mabati ya paa. Mwanzoni walimwita tu. Baadaye wakamtukana, tena kwa sauti za watoto aliowafundisha. Siku moja aliwatoa nje wanafunzi wake hamsini na wawili, akajifungia darasani, akajaza ubao mzima kwa sentensi moja: Nyamazeni, nawaomba. Mwalimu mkuu alipovunja kitasa alimkuta amekaa sakafuni, masikio ameyaziba kwa vipande vya chaki.

Ualimu ukaishia pale. Zikafuata sala, vikafuata vidonge. Vidonge vilizizima zile sauti kidogo, lakini vilimzima na mwenyewe: ulimi mzito, mate yanamtoka, mikono inatetemeka hata kikombe cha chai kikawa kazi ya watu wawili. Akaanza kuvificha chini ya ulimi na kwenda kuvitemea kwenye makopo ya maua. Wanasema mgonjwa haulizwi uji. Huyu aliulizwa, akabembelezwa, akaapishwa, na bado maua yalimeza dawa nyingi kuliko yeye. Miaka sita ikaenda hivyo.

Alhamisi moja akaja kuhadhiri daktari mwanamke, mtafiti, mwembamba, aliyesema polepole kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Alizungumzia watu wanaosikia sauti zisizokuwepo. Alisema kuna sindano mpya, inachomwa mara moja kwa mwezi, na kwamba chuo kinatafuta wagonjwa wa kushiriki katika utafiti wake. Mhadhara ulipokwisha Fundi alimfuata jukwaani kumvua kipaza sauti kidogo cha kwenye kola.

"Samahani, daktari. Hao watu unaowatafuta... mimi ninaye mmoja nyumbani."

Daktari akamtazama vizuri. "Ni nani kwako?"

"Dada yangu. Na ni kama mama yangu pia."

"Mlete Jumatatu."

Fomu ya ridhaa ilikuwa na kurasa tisa. Siku hiyo Dada alikuwa akibishana na feni, kwa hiyo aliyetia sahihi ni Fundi, kama msimamizi wake. Muuguzi alimsomea kila ukurasa bila kuruka neno, naye akaitikia kila ukurasa, macho yake yakiwa kwenye mikono ya dada yake inayotetemeka. Mtu aliyetupiwa kamba kisimani haulizi imefungwa wapi.

Sindano ya kwanza haikuonyesha kitu, wala ya pili. Baada ya ile ya tatu, asubuhi moja binti mdogo wa Fundi alikuwa mezani anamalizia kazi ya shule, shangazi yake akamwinamia begani.

"Hiyo 'g' yako imevunjika mkia," akasema. "Hebu nipe kalamu."

Mke wa Fundi alikuwa anachuja chai. Chujio likabaki hewani, chai ikamwagika mezani. Akaketi palepale jikoni akaanza kulia.

"Wifi, nani kafa?" Dada akauliza.

"Hakuna, wifi. Hakuna aliyekufa."

"Basi funika birika, chai inapoa."

Hivyo ndivyo Dada alivyorudi, kama mtu aliyetoka kidogo kwenda dukani. Alianza kuchana nywele zake mwenyewe. Akaanza kulalamika kwamba nyumba ina vumbi, na wifi yake, ambaye kwa miaka sita alikuwa amemwogesha na kumvalisha, akawa anapokea kugombezwa huko kwa furaha isiyo na kifani. Jirani yao muuza mboga, mama wa makamo ambaye hakuwahi kukanyaga shule, akaomba afundishwe kusoma, na kila siku saa tisa wakawa wanaketi barazani na daftari la mistari mipana. Ilipofika sindano ya kumi na tano yule mama alisoma mwenyewe jina lake kwenye kitambulisho chake, akagundua kwamba waliomwandikisha walikosea herufi moja. Alicheka mpaka akashika ubavu. "Kumbe miaka yote hii mimi ni mtu mwingine!"

Fundi mwenyewe alinenepa. Siku moja alijipa moyo akamuuliza dada yake juu ya zile sauti.

"Bado wapo?"

"Wapo, mdogo wangu. Lakini wamehamia nyumba ya tatu. Nasikia vyombo tu vikigongana."

Sindano ya kumi na nane ilipokwisha kuchomwa, muuguzi alifunga jalada na kumpa Fundi mkono.

"Tunawashukuru sana, baba. Utafiti umekamilika."

"Umekamilika vipi? Mwezi ujao tuje tarehe ngapi?"

"Mwezi ujao hakuna. Hii ndiyo ya mwisho." Akampa barua ya kupeleka kliniki ya kawaida, mgonjwa arudishwe kwenye vidonge.

"Vilevile vya zamani?"

Muuguzi akainamisha macho. "Ndivyo vilivyopo."

Fundi alizunguka maduka ya dawa ya mji mzima akiwa na jina la ile sindano kwenye kikaratasi. Wauzaji walilisoma, wakaitana, wakalisoma tena. Dawa ilikuwa haijasajiliwa. Hakuna aliyekuwa nayo, hata wale wanaouza kwa mlango wa nyuma. Alikwenda mara mbili ofisini kwa yule daktari mtafiti akaambiwa yuko safarini, mkutanoni.

Mwezi wa kwanza hakuna kilichobadilika, na familia ikaanza kunong'ona kwamba labda amepona moja kwa moja. Mwezi wa pili, wakiwa mezani, Dada akaomba mtu apunguze redio. Redio ilikuwa imezimwa. Wote wakatazamana, na yeye aliwaona wakitazamana. Akaweka kijiko chini.

"Wanarudi," alimwambia Fundi, kwa utulivu wa mtu anayetoa taarifa ya mvua. "Wameshafika kwa jirani. Mdogo wangu, fanya haraka."

Hilo neno, fanya haraka, lilimtembeza Fundi tena kliniki, hospitali kuu, na ofisi ya daktari. Kote alikuta watu wema na mikono mitupu. Mwezi wa nne Dada alilichukua daftari la muuza mboga akalitupa kwenye mtaro, akisema herufi zinamsengenya. Yule mama alilifuata, akaliokota, akalifuta matope kwa kanga yake, akaenda zake. Hakuja tena saa tisa.

Mwezi wa saba likabandikwa tangazo: mhadhara wa wazi, matokeo ya utafiti wa sindano. Ukumbi ulijaa hadi ngazini. Walikuwepo wakubwa wa chuo, na mgeni mmoja kutoka wizarani, mwenye suti inayong'aa kwenye viwiko. Daktari alisimama na kuonyesha mchoro ukutani: mstari mwekundu ukishuka taratibu, mwezi hadi mwezi. Hizo ndizo sauti, alieleza, zikipungua. Fundi, ndani ya kioo chake, alijua kwamba Dada yumo ndani ya mstari ule, ameshuka nao hatua kwa hatua, na chai yake na 'g' yake. Mstari ulikatikia mwezi wa kumi na nane. Baada ya hapo palikuwa na ukuta mweupe tu.

Muda wa maswali ulipofika, mwenzake anayepitisha kipaza sauti alikuwa likizo, kwa hiyo Fundi ndiye aliyeteremka. Akampa mwanafunzi mmoja. Akampa mama mmoja wa shirika. Akampa mzee aliyetoa hotuba ndefu isiyo na swali. Kisha mwenyekiti akauliza kama kuna mwingine, na Fundi akabaki amekishika.

"Moja, mbili..." likamtoka kwa mazoea. Ukumbi ukacheka. "Samahani. Nauliza huo mstari. Baada ya mwezi wa kumi na nane unakwenda wapi?"

Daktari alimtambua. Ilionekana kwa jinsi alivyoishika meza.

"Baada ya hapo hatukupima," akajibu.

"Mimi nimepima. Niko naye nyumbani. Unapanda."

Yule mgeni wa wizarani akasogeza kipaza sauti chake karibu.

"Swali zuri sana, na serikali inalitambua. Mchakato wa kuiingiza dawa hii kwenye orodha unaendelea, na wadau wote wanashirikishwa."

"Unaisha lini?"

"Mzee wangu, mchakato ni mchakato." Akatabasamu, na watu wakatabasamu naye.

Mwenyekiti alimshukuru "mfanyakazi wetu kwa mchango wake uliotugusa wote," akaomba apigiwe makofi. Wakapiga, wengine wamesimama. Makofi yale ndiyo yaliyomuuma kuliko yote, kwa sababu yalikuwa ya dhati, na yalipokwisha watu walichukua mikoba yao wakaenda kunywa soda kwenye ukumbi wa mapokezi.

Daktari alimfuata kwenye chumba cha kioo akiwa bado na waya kwenye kola.

"Niliandika barua," alisema. "Kwa waliotengeneza dawa, kwa wizara, kwa waliofadhili utafiti. Nimeandika nyingi mno. Sikupata hata dozi moja."

"Ulijua tangu mwanzo kwamba itakatwa?"

"Nilijua."

"Na mimi mbona sikuambiwa?"

"Uliambiwa, Fundi. Ukurasa wa sita."

Fundi alimvua kipaza sauti, akakunja waya vizuri, akauweka kwenye boksi lake. Alikumbuka ukurasa wa sita ukisomwa. Alikumbuka hata sauti yake mwenyewe ikiitikia ndiyo. Daktari alianza kulia, na Fundi akampisha mlangoni. Wiki iliyofuata alipewa onyo la maandishi: watumishi wa ukumbi hawaruhusiwi kuuliza maswali.

Dada alilazwa mwezi ule ule. Adhuhuri moja alitoka nyumbani pekupeku akaenda hadi shuleni kwake kwa zamani, akaingia darasa la kwanza, akawapigia kelele watoto wanyamaze, nao walikuwa kimya wanaandika. Wakalia wote kwa pamoja. Walimu wawili waliomshika mikono walikuwa wanafunzi wake wa zamani.

Wodi ya akili ilikuwa na vitanda ishirini na wagonjwa thelathini na mmoja, na wageni waliruhusiwa Jumapili saa nane hadi saa kumi. Fundi na mkewe hawakukosa. Jumapili ya tatu walimkuta ametulia, mate yamefutwa, ulimi mzito kama zamani.

"Mdogo wangu," alisema, akitafuta kila neno. "Kuna wakati nilipona. Nilikuwa nafundisha. Au niliota?"

Mkewe akaushika mkoba wake kwa mikono miwili. Fundi aliliona jibu na aliliona swali litakalolifuata: kama nilipona, aliyeninyang'anya ni nani? Hakuwa na jina la kumpa.

"Uliota, Dada."

Dada akaitikia kwa kichwa, taratibu. "Nilijua. Ilikuwa nzuri mno."

Wakiwa kituoni wanasubiri basi, mkewe alisema bila kumtazama, "Hicho kipindi chake kizuri nacho umemwondolea."

"Ningemwambiaje?"

"Sijui, baba watoto. Lakini kilikuwa chake."

Wiki nzima Fundi alipanga maneno. Angemwambia yote: daftari, muuza mboga, kitambulisho chenye herufi iliyokosewa, jinsi wifi yake alivyolia juu ya chai. Jumapili akatangulia peke yake, akafika saa nane kasoro. Dozi ilikuwa imeongezwa katikati ya wiki. Dada alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, ameelekea ukutani. Fundi akaketi kando yake, akamshika mkono, akaanza, "Dada, ile siku uliyoniuliza..."

Dada alimgeukia kwa adabu, kama anavyogeukiwa mtu asiyejulikana.

"Una mgonjwa wako humu, baba?" akamuuliza. "Nenda ukamwone. Muda wenyewe wanaotoa ni mfupi."

Fundi hakuondoka. Alikaa palepale, mkono wa dada yake ukiwa ndani ya wake, hadi muuguzi alipopita kitanda hadi kitanda akiwatoa wageni.