Nyama Isiyoungua

Muuza kitimoto wa pale barabarani Iguguno akiniona naja anaweka panga chini na kuchukua msumeno. Wateja wake wengine wanataka hiyo nyama ya nguruwe ikatwe vipande vidogo vidogo, ikaangwe mpaka ikauke. Mimi nataka kipande cha mgongoni na mfupa wake, kipana, unene wa vidole viwili, na ule ukanda wa mafuta pembeni asiuguse.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Nikatie kile cha siku zote, changu na cha mwanangu."

"Na meno hayo, bibi? Si nikusagie tu?"

"Yaliyobaki yanatosha kukung'ata wewe. Kata."

Anacheka, anakata. Jina lake nalijua, na la baba yake, na la yule babu yake aliyehamia huku na ng'ombe wawili wenye kwato mbovu. Majina yote ninayo, hata ya watoto waliokufa kabla ya kubatizwa. Hapa sitaandika hata moja. Wengine wako hai na wana aibu zao, na huyo mwanangu ameshaitwa majina ya kutosha.

Ni kitindamimba wangu. Ana kifafa. Kilimwanza akiwa mdogo, tukasema ni degedege, ataacha akikua. Amekua, ana mvi sasa, hajaacha. Mume wangu alikufa akiwa bado anauliza kama ataacha.

Ugonjwa wake una mjumbe. Kabla hajaanguka hunusa nguo inaungua. Alianza kutuambia akiwa bado hajaota meno ya ukubwani. "Mama, nani anachoma nguo?" Tunatazama huku na huku, hakuna moto wala nguo, na kabla hatujamaliza kutazama yuko chini. Baadaye tukajua kwamba akisema hivyo, kazi ni moja tu, kumlaza upande na kuondoa mawe. Mjumbe huyo ndiye aliyetusaidia miaka yote, maana dawa za zahanati zikiwepo anaanguka mara chache, na zikikosekana anaanguka ovyo.

Sasa niseme habari ya nyama.

Mimi ni Mgogo wa upande wa Kilimatinde, nimeolewa huku kwa Wanyiramba. Nikiwa msichana nilimsaidia mpishi mmoja pale misheni, mzee mkali, na ndiye aliyenionyesha kukaanga nguruwe asikauke. Ila yeye aliigaragaza nyama kwenye unga kwanza, halafu akaizamisha kwenye mafuta mengi yanayochemka. Nilipoolewa, unga ule niliuacha hukohuko. Mwaka wangu wa kwanza hapa mvua haikunyesha, uwele ukafia shambani, na mama mkwe alikuwa anapima unga wa uji kwa kikombe. Ungemwambia unapaka unga kwenye nyama, angekurudisha kwenu na kukusindikiza kwa kikombe chake. Basi nikajifunza bila unga. Nikaona nyama inatoa mafuta yake yenyewe na inajikaanga nayo, na alizeti unapaka kidogo tu, kama unampaka mtoto usoni.

Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, hakuipenda nyama hiyo tangu mwanzo. Anakaa nyumba ya pili kutoka yangu. Mtoto alipoanza kuanguka alikuja akasimama mlangoni.

"Wifi, nguruwe ana tegu. Tegu wanapanda kichwani. Ndio hao wanaomwangusha mtoto, na wewe unampa nyama inayochuruzika maji."

Mume wangu alikuwepo. Nikaona jinsi alivyoisogeza sahani yake mbali.

Tangu hapo nikakaanga kama wifi alivyotaka, mpaka nyama ikawa nyeusi na jiko lote likawa moshi. Na siku moja mwanangu alikuwa amekaa karibu na mafiga, anachochea kuni. Hakusema nani anachoma nguo. Alikuwa amenusa, alikuja kuniambia baadaye, lakini kila kitu kilikuwa kinanuka kuungua, akadhani ni nyama. Akaangukia motoni. Mkono wa kushoto ulipona vibaya, vidole vitatu vimeshikana mpaka leo.

Nikamkataza moto. Ukubwa wake wote hajawasha hata kibiriti. Nikifika kwenye jiko yeye anatoka nje bila kuambiwa, kama kuku aliyezoea fimbo.

Muuguzi wa zahanati, miaka mingi baada ya hapo, ndiye niliyemuuliza habari ya tegu. Alikuwa binti mpole. Akaniambia tegu wapo kweli na ni wabaya, tunawe mikono, tuchimbe choo, nguruwe wasizurure, nyama iive. "Lakini bibi, nyama iliyoiva imeiva, hata kama ina maji yake. Ya kuungua haijaiva zaidi. Na huu ugonjwa una vyanzo vingi, siwezi kukuambia wa mwanao umetoka wapi." Nilirudi nyumbani nikitembea polepole. Nilitaka aseme umetoka hapa au umetoka pale. Hakusema. Jumamosi iliyofuata nikakaanga nyama yangu kama zamani, na mwanangu akala akanyonya mfupa, akasema, "Ulikuwa umeificha wapi hii?"

Tukaenda hivyo. Kisha masika haya yaliyopita nikaugua kifua. Nililala nisijue mchana wala usiku. Wifi naye alikuwa kwa binti yake huko Misigiri, na majirani walidhani tuko salama, maana mvua ilikuwa inanyesha na hakuna aliyetoka kwake. Nilipopata akili kidogo nikasikia sauti chumbani, sauti ya kutafuna kitu kikavu. Nikageuza kichwa. Mwanangu alikuwa amekaa sakafuni karibu na ndoo ya unga, anachota kwa vidole vyake vizima, anaramba, anakunywa maji juu yake. Mdomo wote mweupe.

"Unafanya nini, mwanangu?"

"Nakula."

"Kwa nini hukuenda kwa jirani?"

"Ningekuacha na nani?"

Kuni zilikuwepo. Kibiriti kilikuwepo juu ya kabati. Nilimkataza moto, naye alinitii.

Nilipopona, kaka yake alipiga simu kutoka mjini. Ni mtoto mzuri, lakini mke wake anaogopa kifafa, hataki hata kutumia kikombe kimoja na mgonjwa. Akasema, "Mama, wewe ukiondoka itabidi shangazi amchukue." Nikampelekea wifi maneno hayo. Wifi alikuwa anapepeta mtama, hakuacha.

"Wifi yangu, mimi na wewe nani atatangulia? Mtu anayeweza kujipikia nitamchungulia asubuhi na jioni, nitamletea maji. Mtu wa kulishwa siwezi. Mikono yangu hii hapa, itazame."

Nikaitazama. Ilikuwa inatetemeka kwenye ungo. Hakuwa amesema uongo.

Basi nikamwambia mwanangu nitamfundisha kupika. Nilifikiri tutaanza na uji.

"Nyama," akasema.

"Uji kwanza."

"Uji utanimwagikia. Nyama yako haimwagiki."

Alikuwa ameniwahi. Uji unaruka. Ugali unataka uinamie chungu cha maji yanayochemka na kusukuma kwa nguvu. Nyama ya yule mpishi, yenye unga, inataka mafuta ya kuzamisha, na mafuta yale yakikumwagikia umekwisha. Hii yangu inataka kikaango kizito, mafuta ya kupaka, na mtu wa kukaa mbali na kuiacha. Tena haitakiwi kuungua. Jiko lisilonuka kuungua, mjumbe wake akija atajulikana.

Nikaweka jiko la mkaa katikati ya sakafu, mbali na ukuta, yeye kwenye kigoda, na mwiko mrefu. Nikampitishia kanga chini ya makwapa, mimi nikakaa nyuma yake nimeshika ncha zote mbili. Wifi alipita akatuona.

"Mnalima na ng'ombe humu ndani?"

"Ndiyo," mwanangu akajibu, "na dereva mwenyewe haoni vizuri."

Nilimfundisha kwa mdomo tu, nikiwa nyuma, naona kisogo chake. Nyama uipake chumvi na limau mapema, uifunike, uiache. Ukirudi ipanguse kwa kitambaa mpaka ikauke kabisa, maana nyama yenye maji juu haikaangiki, inachemka na kurusha mafuta. Kikaango kipate moto kwanza. Usiilaze nyama, isimamishe kwa ule ukanda wa mafuta, uishikilie na mwiko mpaka mafuta yaanze kushuka. Sasa ilaze. Sasa toa mkono.

"Nigeuze?"

"Bado."

"Imeshikana."

"Ndiyo inakuambia bado. Ikiwa tayari itaachia yenyewe."

Ikaachia. Akageuza mara moja, kwa mkono ule mbovu akishikilia mpini wa kikaango kwa kitambaa. Upande wa juu ulikuwa rangi ya udongo wetu huu baada ya mvua. Nikamwambia apunguze mkaa, afunike na sahani, asubiri, kisha aitoe ipumzike nje ya moto, asiwe na haraka ya kukata. Mwisho achome kisu karibu na mfupa. Maji yakitoka mekundu, rudisha. Yakitoka meupe, ita watu.

Mara ya kwanza alirudisha. Mara nyingine yalitoka meupe. Tulikuwa tumeshaanza kuzoea na kufanya utani, mpaka siku aliyosema, "Mama, nguo," na mimi nikavuta kanga. Alinijia mwili mzima, tukaenda chini wote, kichwa chake tumboni kwangu, na akatikisika juu yangu mpaka kikaisha. Kiuno changu hakijapona. Jiko lilibaki limesimama pale pale, na nyama upande mmoja ikawa mkaa. Wifi alikuja kwa ajili ya kishindo, akasaidia kumlaza upande, akamfuta mdomo kwa ncha ya kanga yake mwenyewe. Halafu akachungulia kikaango.

"Hii ndiyo imeiva sasa," akasema, na akaenda nayo.

Baada ya siku hiyo nikaacha kumfundisha. Sikumwambia nimeacha. Nilisema leo kiuno, kesho mkaa umelowa. Nilikuwa nawaza jambo moja tu, kwamba nyuma ya kigoda kile kuna mtu, na mtu huyo ni mimi, na mimi sitakuwepo. Kumfundisha kukaanga huku nimemshika ni kama kumfundisha kuogelea huku nimembeba. Yeye hakuniuliza. Alirudia kutoka nje kila nikiingia jikoni, kama zamani.

Wiki iliyopita nilikwenda kanisani kwenye ibada ya maziko. Marehemu tulilima naye jirani, nikakaa mpaka mchanga wa mwisho. Nyama nilikuwa nimeiacha imepakwa chumvi na limau na kufunikwa, niikaange nikirudi. Nilipofika kwenye ua wa minyaa nikaisikia. Harufu ya kitimoto kinachokaangwa, inatoka kwangu.

Mtu wa miguu yangu hakimbii. Nilisimama kwanza, nikashika minyaa, nikanusa. Nilinusa mafuta, nikanusa chumvi na limau. Nikatafuta kuungua katikati ya harufu ile, nikatafuta sana. Hakukuwa na kuungua.

Nikaingia. Alikuwa kwenye kigoda, mgongo kwangu, mwiko mkononi. Kanga ilikuwa imempita chini ya makwapa vilevile, na ncha zake zimekwenda nyuma, zimevutwa, zimefungwa kwenye nguzo ya katikati inayoshika paa la jikoni, kama ndama anayezuiwa asimfuate mama yake.

"Umechelewa," akasema bila kugeuka. "Yako imeshapumzika. Kula kabla haijapoa."

Mtoto wangu, mwenye mvi, amejifunga kamba nyumbani kwake. Sahani yangu ilikuwa juu ya meza, imefunikwa na sahani nyingine. Nilichoma kisu karibu na mfupa. Maji yalitoka meupe.

"Imeiva?"

"Imeiva."

"Ina maji?"

"Inayo."

Nikala nimesimama. Ilikuwa laini, meno yangu yaliiweza. Yeye alikuwa anageuza ya kwake, anainama mbele kidogo kuitazama, na nikaona kanga inavyomruhusu kuinama. Niliweka sahani chini. Nikaenda nyuma ya nguzo. Fundo lilikuwa langu, lile la kufungia ndama, nililomfundisha akiwa mdogo wakati tulipokuwa bado na ng'ombe. Alikuwa amelifunga kwanza kwa mkono mzima na meno, ndipo akajiingiza kwenye kanga. Ncha ya kanga ilikuwa bado na mate.

Nilimwambia akae wima. Akakaa. Nikapima kwa macho kutoka kifuani kwake mpaka kwenye mkaa, nikalifungua fundo, nikalifunga upya, kanga iwe fupi kidogo.

"Sasa inama," nikamwambia.

Akainama. Haikumfikisha kwenye mkaa.