Zinki Iliyopakwa Rangi

Wanjala alitoka reli ya Voi, na reli ilikuwa imemtia kichwani kitu kimoja: chuma bila rangi ni chuma kilichokufa. Ndiyo maana shamba la katani kule Ziwa Jipe lilipompa boti ya injini aitunze, alipaka kila kitu rangi nyekundu. Hata kile kipande cha zinki kilichofungwa karibu na propela. Akakipaka mara mbili, kikang'aa.

Sasa boti ilikuwa nchi kavu. Ndambuki, dereva wa boti hiyo, alikuwa amelala chini yake akicheka.

"Fundi, nani amevalisha zinki kanzu?"

"Mimi. Nimeikinga na kutu."

"Umeikinga!" Ndambuki akatoka, amejaa matope mpaka masikioni. "Bwana, kazi ya zinki ni kuliwa. Haya maji yana chumvi, yanatafuna chuma. Yakipata zinki yanashiba hapo, shafti inayozungusha propela inapona. Wewe umeificha. Ulitaka maji yatafune nini?"

Wanjala hakucheka. Alikuwa ameshaiona shafti: vishimo vishimo, kama uso wa mtu aliyepona ndui. Na meneja alikuwa amesema wazi, boti ikikwama tena fundi atoke, na nyumba ya shamba aiache. Tryphena, mke wake, alikuwa na mimba kubwa, hawezi hata kuinama kufunga viatu. Landhi ya reli, nyumba yao ya kwanza, walishanyang'anywa. Mbele hakukuwa na mlango mwingine.

"Iko zinki mpya?" akauliza.

"Iko. Lakini kaza polepole."

Akakwangua chuma kinachoshika shafti, pale zinki inapokaa, mpaka kikawa cheupe. Hakupaka kitu. Akaweka zinki, akaingiza bolti, akashika spana. Akakaza vile alivyojua, kwa kifua chote, kama anakaza reli.

"Polepole, mzee! Hiyo si gari moshi!"

Ikalia ka! Si bolti. Kile chuma kinachoshika shafti ndicho kilichokatika, ndani kimeoza kama biskuti iliyoloweshwa chai.

Lori la meneja lilikuwa linashuka kutoka upande wa Taveta, vumbi juu. Wanjala alikuwa bado amepiga magoti, ameshikilia zinki mpya pale ilipotakiwa kukaa.

"Iachilie, fundi," Ndambuki akasema, na sasa hakuwa anacheka. "Imekwisha."

"Nikiiachilia, Tryphena nimwambie atazalia wapi?"