Nilikuwa Daktari wa Upande wa Juu

Kwa viangazi vitatu mfululizo upande wetu haukushindwa hata mara moja, na watoto wote walisema ni kwa sababu ya kaka yangu. Yeye ndiye aliyekuwa kapteni. Mimi nilikuwa daktari.

Mchezo wenyewe tuliuita vita tu. Tuliucheza Jumamosi alasiri, baada ya kuchota maji na kufunga mbuzi, kwenye makorongo yaliyo nyuma ya mto wetu wa mchanga, mwendo wa saa moja hivi kutoka Kathonzweni. Watoto wa juu ya mto walikuwa jeshi moja, wa chini ya mto jeshi jingine. Risasi zilikuwa ndulele, yale matunda machungu ya manjano yanayoota ovyo kila mahali. Ukipigwa na ndulele unalala pale pale, huruhusiwi kurusha wala kusogea. Adui akikufikia na kukugusa umekuwa mateka, unakwenda kukaa kwao mpaka mwisho. Lakini daktari wa upande wako akitangulia kukufikia, akakufunga kitambaa ulipopigwa na kuhesabu hadi ishirini, unafufuka. Kila upande ulikuwa na daktari mmoja, na yeye akipigwa hakuna wa kumfufua. Jeshi la kwanza kuteka kopo la mwenzake, kopo tupu la mafuta ya kupikia lililowekwa juu ya kichuguu, ndilo lililoshinda.

Udaktari nilipewa kwa sababu nilikuwa msichana.

"Wewe huwezi kurusha," kaka aliniambia siku ya kwanza. "Utafunga watu."

Kurusha nilijua. Mahindi yetu niliyalinda kwa mawe, na tumbili walinijua. Ila hakuna mvulana aliyeutaka udaktari, na mimi nilitaka kucheza, kwa hiyo nikanyamaza, nikachana kitambaa cha zamani cha mama vipande ishirini.

Mama alikuwa akifagia zahanati. Alifagia, akafua bandeji, akazichemsha na kuzianika kwenye ua wa minyaa. Siku za likizo nilimsaidia, na hapo nilimwona dresa, yule mhudumu wa kufunga vidonda, akifanya kazi yake. Siku moja lori lililotoka Emali lilipinduka, wakaletwa watu sita kwa mpigo. Kulikuwa na mwanamume mmoja aliyepiga mayowe mpaka watu wa sokoni wakaja kuchungulia. Dresa alimpita kama hamwoni, akaenda kupiga magoti kwa mama mzee aliyekaa kimya ameegemea ukuta. Nilimuuliza mama kwa nini.

"Anayelia ana pumzi," mama alisema, huku akikamua bandeji. "Mtafute aliyenyamaza."

Nikaanza kucheza hivyo. Madaktari wa upande wa chini, na walibadilishwa wengi, wote walifanya kosa moja: mtu akianguka na kuita, walimkimbilia, nao wakapigwa. Mimi sikumkimbilia mtu. Nilikaa nyuma ya wenzangu hatua kama thelathini, mahali pa juu kidogo, pa kuwaona wote. Vitambaa nilivifunga kiunoni kwa fundo la kuvutika mara moja, nisipoteze muda nikitafuta. Mtu akianguka, kwanza nilitazama ndulele imetoka wapi. Yule aliyeirusha bado yuko pale, na anachongojea ni mimi. Kwa hiyo nilipaza sauti "Funika!" na wawili wetu wakamrushia mfululizo, ainamishe kichwa, ndipo nikatambaa. Nilipofika sikufunga papo hapo. Nilimshika majeruhi miguu nikamburuta mpaka nyuma ya kichaka, ndipo nikahesabu ishirini zangu kwa utulivu.

Aliyekuwa akiita ili afufuliwe upesi nilimwacha angoje. Nilitangulia kwa yule aliyelala kimya karibu na adui, kwa maana ndiye aliyekuwa karibu kugeuzwa mateka. Na kama wawili walikuwa hatarini sawa, nilianza na yule aliyejua kulenga, hata kama yule mwingine alikuwa rafiki yangu. Wengine walininunia. Lakini sisi tulimaliza mchezo tukiwa kumi na wawili, na wao wamebaki wanne.

Kaka aliyapenda sana maneno yale ya mama. Nilipomweleza kwa nini namwacha anayelia, alicheka, akayageuza kuwa amri. Kila mara kabla ya kuanza alitupanga mstari na kutuuliza, "Anayelia?" Nasi tukajibu, "Ana pumzi!" Tulipoteka kopo, yeye ndiye aliyebebwa mabegani. Mimi nilizunguka makorongoni nikiokota vitambaa vyangu, kwa sababu wiki iliyofuata vingehitajika tena.

Siwezi kusema nilichukia wakati huo. Nilipenda kujua kwamba mchezo ule ulishikwa na mikono yangu hata kama hakuna aliyejua. Uchungu ulikuja baadaye, nao ulikuja wote pamoja.

Mwaka wa darasa la saba tulikuwa darasa moja. Yeye alinizidi miaka miwili, ila alikuwa amerudia mara mbili. Katika majaribio ya mtihani nilikuwa wa pili shuleni, naye alikuwa pale katikati. Mwalimu mkuu alipiga marufuku vita kwa watahiniwa. Alitangaza mbele ya shule nzima kwamba mtahiniwa atakayeonekana makorongoni atachapwa na kufukuzwa, akaufanyie mtihani kwao.

Zilibaki wiki tano. Upande wa chini wakatuma habari kwamba tumeogopa, kwamba tumejificha nyuma ya mtihani. Kaka hakulala vizuri kwa neno hilo.

"Mara moja tu," alinibembeleza. "Bila wewe tutashindwa. Unajua hivyo."

Ilikuwa mara ya kwanza kulisema. Kwa neno lile moja nilikwenda.

Tulianza vizuri. Ilikuwa alasiri ya jua kali, udongo umekauka na kupasuka. Niliwafufua watu tisa, na upande wa chini walikuwa wamebaki wachache wakilinda kichuguu chao. Mvulana mmoja wetu alianguka ng'ambo ya korongo kubwa, kimya, na adui mmoja alikuwa akimnyemelea. Nilipaza sauti wanifunike, nikapita pembezoni mwa korongo nikiwa nimeinama. Ukingo ulimeguka. Nilianguka pamoja na udongo wenyewe, chini kabisa, na mguu wangu wa kulia ukatangulia kwenye jiwe.

Nilisikia mfupa kabla ya kusikia maumivu. Nilipotazama, mguu chini ya goti ulikuwa umeelekea pembeni, mahali ambapo mguu hauelekei.

Nilipiga mayowe. Nilimwita kaka kwa jina lake, si kwa cheo. Akatokea juu ya ukingo, jua likiwa nyuma yake, wengine wawili wakiwa nyuma yake.

"Mguu umevunjika!" nililia. "Nitoe huku! Si mchezo, nitoe!"

Alinitazama. Kisha akageuka upande wa kichuguu, ambako wale waliobaki walikuwa wakirudi nyuma. Mmoja wa wavulana akasema, "Daktari ameumia kweli."

"Anayelia ana pumzi!" kaka akapaza sauti. "Twendeni!"

Wakaenda. Nilisikia miguu yao ikipiga ardhi juu ya kichwa changu, kisha nikasikia kelele za ushindi, kisha kelele zikielekea nyumbani. Niliendelea kuita mpaka sauti ikakauka. Baadaye nilijiambia labda atarudi peke yake, bila wenzake kumwona. Kivuli cha ukingo kilinifikia kifuani, kikanipita.

Aliyenitoa ni mfanyabiashara wa ng'ombe, Msomali mmoja mrefu aliyekuwa akiswaga ng'ombe wake kando ya mto kuelekea mnada wa Emali. Ng'ombe mmoja aliingia korongoni kutafuta nyasi, akamfuata, akanikuta. Hakuuliza maswali mengi.

"Binti, wako wapi watu wako?"

"Wameenda nyumbani."

"Wamekuacha hapa?"

Alivua kilemba chake, akavunja fimbo yake ya kuswagia vipande viwili, akaufunga mguu wangu pande zote mbili, na nilipolia alisema, "Lia, lia tu, hakuna ubaya." Mwenzake akabaki na ng'ombe. Yeye akanibeba mgongoni mpaka kwetu, karibu maili mbili, akipumzika mara tatu. Nakumbuka harufu ya maziwa na vumbi katika shati lake.

Kaka alikuwa uani, ameshaoga. Alikuwa amemwambia mama kwamba niko nyuma, nakuja. Mama aliponiona alidondosha ungo wa mbaazi. Akakimbia ndani kutafuta kitanda cha kunilaza, na katika nafasi hiyo ndogo kaka akaniinamia.

"Sema ulikuwa unatafuta kuni," alininong'oneza. "Watanifukuza shule. Tafadhali."

Mama akarudi. "Mwanangu, umefanya nini?"

"Nilikuwa natafuta kuni, mwaitu," nilimwambia mama.

Yule mfanyabiashara alinitazama, akamtazama kaka. Alijua makorongo yale hayana hata kijiti cha kuwashia moto. Alikunywa maji aliyopewa, akawaaga, akaenda. Sikuwahi kumwona tena wala kumshukuru kwa jina.

Dresa alisema mguu ule ni wa hospitali kubwa, na hospitali kubwa ilikuwa mbali. Baba, aliyekuwa kazini kwenye reli, hakuwapo mpaka mwisho wa mwezi. Wakubwa wa ukoo wakaamua niletewe mtu wa kuunga mifupa. Aliuvuta mguu huku wanawake wawili wamenishika mabega, akaufunga kwa mbao na magome. Ukaunga, lakini ukaunga vibaya. Mpaka leo unyayo wangu wa kulia unatazama nje, kama mtu anayetaka kuaga.

Baba aliporudi alinifokea nikiwa kitandani. Nani alinituma kuni korongoni? Msichana mzima hana macho? Kaka alikuwa amekaa mlangoni akisoma. Hakuinua kichwa. Nilingoja aseme neno moja tu, hata kama si ukweli wote. Aligeuza ukurasa.

Wiki ya mtihani niliwasikia wakipita barabarani asubuhi na kalamu zao, wakiulizana hesabu. Nilijua majibu. Mama aliomba nibebwe nikaufanyie pale shuleni, lakini mwalimu mkuu alisema mtahiniwa anayeshindwa kukaa hawezi kufanya mtihani, arudie mwakani.

Kaka alipita, si kwa kishindo, lakini alipita. Akaitwa sekondari moja ya huko milima ya Kilungu. Mwaka uliofuata nilipomwambia baba kwamba nataka kurudia darasa la saba, hakukasirika. Alisema kwa upole, na upole huo ndio ulioniua zaidi: "Kwa mguu huo utatembea mpaka sekondari gani?"

Mama alipougua mgongo, ufagio wake wa zahanati nikauchukua mimi. Nimefagia pale miaka mingi. Wakati mwingine foleni ikizidi, dresa mpya, kijana aliyesomea kazi hiyo, huniuliza, "Shangazi, nianze na nani?" Namwonyesha kwa kidevu. Halafu naendelea kufagia.

Kaka akawa mwalimu, na miaka ya tisini ilipoanza akawa mwalimu mkuu huko mbali, akija kwetu mara moja kwa mwaka. Siku moja kanisa letu lilifanya harambee ya kujenga darasa la watoto, akaalikwa kuwa mgeni wa heshima. Alisimama mbele na suti ya kijivu, akawahubiria vijana juu ya uongozi.

"Mimi uongozi sikuanza jana," alisema. "Nilipokuwa mdogo hapa hapa, tulikuwa na mchezo wa vita. Nilikuwa kapteni. Viangazi vitatu hatukushindwa! Na mnajua siri ilikuwa nini? Hatukumwacha mwenzetu nyuma."

Watu wakapiga makofi. Wanawake wa kwaya waliokaa karibu nami wakapiga makofi. Mama, aliyekuwa amezeeka na hasikii vizuri, alipiga makofi kwa sababu wengine walipiga.

Wakati wa chakula nilimfuata nyuma ya kanisa, alikokuwa akinawa mikono. Nilikuwa na umri wa miaka thelathini na kitu, na swali lile nilikuwa nimelibeba tangu korongoni. Kwa miaka yote nilikuwa nimemtafutia njia ya kutokea. Nilijiambia alikuwa mtoto. Nilijiambia kelele zilikuwa nyingi, labda alidhani naigiza.

"Siku ile," nilisema, "ulipokuwa juu ya ukingo. Ulidhani ni mchezo?"

Alijua siku gani. Aliendelea kunawa ingawa mikono ilikuwa safi.

"Nataka kujua tu," nikamwambia.

"Niliuona mguu," alisema mwishowe.

"Uliuona."

"Niliuona. Nikafikiri, kopo liko pale, dakika tano tu, nitarudi. Kisha wakanibeba mabegani." Akajipangusa mikono kwa leso. "Kisha nikaogopa kurudi. Dada, tulikuwa watoto."

"Wewe ulikuwa na miaka kumi na tano."

Mzee mmoja wa kanisa akaja kumchukua, mgeni wa heshima anasubiriwa mezani, akaenda naye akiwa ameshikwa mkono. Nami nikaenda kupanga foleni ya chakula. Ilikuwa pilau, yenye nyama ya kutosha, na nilikula yote.

Bado anakuja kila mwaka. Anamletea mama blanketi, mimi ananiletea sukari na mkate wa dukani. Nampikia chai. Ananieleza habari za shule yake, walimu wavivu, paa lililoezuliwa na upepo, nami namsikiliza na kumuuliza maswali. Watu wanatuona tumekaa pamoja uani wanasema, tazama ndugu wanavyopendana. Akiondoka namsindikiza mpaka njia panda, polepole, kwa mwendo wangu, na yeye hupunguza wake. Jambo lile hatujawahi kulitaja tena, na sidhani tutalitaja. Nikirudi nyumbani nakata ule mkate, nawagawia watoto wa jirani, kwa sababu mimi haunipiti kooni.