Chai ya Mkono Mmoja

Mtu aliyepooza upande mmoja wa mwili huhesabiwa amepona lini: anapoweza kufanya mambo yake bila mtu, au anapokuwa tena na mtu anayemhitaji? Kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kuwarudisha wagonjwa kwenye shughuli zao za kila siku, na swali hilo bado linanishinda.

Lilinikuta Bungoma. Ninaishi na kufanya kazi Kitale, lakini mwaka ule nilishiriki utafiti wa chuo kikuu kimoja cha ng'ambo, uliolinganisha jinsi wagonjwa wa kiharusi wanavyorudia maisha yao katika nchi mbalimbali. Fomu ilikuwa ileile kila mahali. Je, mgonjwa anaoga peke yake? Anavaa peke yake? Anajipikia? Sikuiona kasoro yoyote. Wazazi wangu walitoka Mkoa wa Kati wakanunua shamba Trans-Nzoia, na mama yangu, hata magoti yalipomkataa, hakukubali mtu amchemshie maji. Nililelewa nikiamini kwamba kujitegemea ndiyo heshima yenyewe.

Mgonjwa wangu alikuwa mama mzee wa Kibukusu, upande wa Bokoli, ambaye kila mtu alimwita Kukhu, yaani nyanya. Aliishi na mkaza mwana wake, kwa kuwa mwanawe alifanya kazi mbali. Mkono wa kushoto wa Kukhu ulikuwa umelegea, na mkaza mwana, mja mzito wa miezi saba, ndiye aliyempikia. Kwenye swali la kupika nikaandika sifuri, kisha nikaazimia kuiondoa sifuri hiyo.

Kwa wiki tatu nilimfundisha kupika chai kwa mkono mmoja: atandike kitambaa chenye unyevu chini ya kikombe kisiteleze, achote chai kwa upawa badala ya kuinua sufuria. Alijifunza upesi, huku akinichokoza.

"Daktari, wewe umeolewa?"

"Ndiyo, Kukhu."

"Na mama mkwe wako, chai yake hupika nani?"

"Hujipikia mwenyewe."

Akanitazama kwa huruma ya kweli. "Pole, bana."

Nilicheka. Sikusikia alichokuwa akiniambia.

Siku moja jirani aliingia kuazima ungo. Alimkuta Kukhu akikoroga chai, na mkaza mwana ameketi tu kando, kwa sababu mimi ndiye niliyemkataza kusaidia.

"Ai! Kukhu anajipikia? Si kuna mtu aliolewa hapa?"

"Ni mazoezi," nikasema.

"Mazoezi ya nini, daktari? Ya kuishi bila watu?" Akachukua ungo aliouazima, akaenda zake akicheka.

Niliporudi Alhamisi iliyofuata, meko yalikuwa baridi, na mkaza mwana alikuwa akikunja nguo na kuzitia kwenye mkoba. Habari ilikuwa imefika kwenye kinu cha kusagia mahindi na kanisani, ati amemwachia mgonjwa ajipikie. Angekwenda kwao Tongaren kesho yake, ajifungulie huko, na hakusema atarudi lini.

"Kama chai yangu haitakikani," akaniambia bila kuinua macho, "ninakaa hapa nikifanya nini?"

Kukhu alinigeukia mimi. "Daktari, hujaniuliza hata siku moja huu mkono ninautakia nini."

"Unautakia nini, Kukhu?"

"Huyu anipikie, na mimi nimshikie mtoto akienda kuteka maji. Hiyo ndiyo kazi yangu. Chai ni yake. Sasa anaenda, na mtoto anaenda naye."

Niliona aibu. Wiki tatu nzima nilikuwa nimemfundisha mama huyu kumfukuza mtu aliyempenda. Nilimwomba mkaza mwana asiondoke kabla sijarudi asubuhi. Aliinua mabega tu.

Jioni ile, nyumbani Kitale, niliipitia fomu yote. Hapakuwa na mahali pa kuandika mtu anayemshikia mwenzake mtoto. Nikapima kilo tatu za maharagwe, uzito wa mtoto mchanga, nikayatia ndani ya foronya, nikaifunga kwa kamba. Niliamua kwamba nitaomba msamaha kwanza, nifundishe baadaye.

Asubuhi nilifika kabla ya saa mbili. Mkoba ulikuwa mlangoni.

"Nimekukosea," nikamwambia mkaza mwana mbele ya mama mkwe wake. "Nimekuja kunywa chai yako, ikiwa utanipikia."

Aliinama, mkono kiunoni, taratibu kwa ajili ya tumbo lake, akawasha moto.

Nilimketisha Kukhu kwenye kiti chenye mikono, nikaweka mto chini ya mkono wake wa kushoto, nikamlaza yule mtoto wa maharagwe juu yake. Mkono wa kulia ulijua wenyewe la kufanya; ule wa kushoto ulitetemeka, ukajikaza kidogo, ukamshika.

"Mbona huyu hana kichwa?" Kukhu akauliza.

"Subiri mwezi mmoja, mama," mkaza mwana akajibu kutoka mekoni, na kwa mara ya kwanza nikamsikia akicheka.

Alipoleta chai, alianza na kikombe cha Kukhu. Kisha akaupita mkoba mlangoni, akarudi, akaubeba hadi chumbani. Nikatoa fomu. Kando ya swali la kupika, mahali pasipo na kisanduku, nikaandika kwa kalamu: anapikiwa, naye anashika mtoto.